Kutoka Hema la Mabedui hadi Masada na Bahari ya Chumvi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Vijana wa Safari ya Urithi wa Kiyahudi

Maswali haya yametoka kwa vijana wanaojiandaa kwa safari ya siku 10 ya urithi wa Kiyahudi nchini Israel, na kwa wazazi wao, ambao huuliza mengi kuliko watoto. Yanahusu siku moja tu kati ya hizo 10: ile ya kulala kwenye hema la Mabedui, Waarabu wa jangwani, kupanda mlima wa Masada wenye magofu ya ngome ya kale kabla jua halijachomoza, kutembea hifadhi ya Ein Gedi na kuelea Bahari ya Chumvi. Ndiyo siku inayosimuliwa zaidi wakirudi nyumbani. Pia ndiyo inayoumiza miguu.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Nimelazimika kulisema mapema kwa sababu kuna mzazi aliyempigia mwanawe simu saa tisa ya usiku akidhani ni alasiri.

## Mambo ya msingi

Siku yenyewe inakwendaje?

Huanza jioni, jua linapozama, na hilo si jambo la ratiba tu. Siku ya Kiyahudi huanza magharibi, kama ilivyokuwa hesabu ya wazee wetu wa pwani, ambao kwao usiku hutangulia mchana wake. Kijana wa Lamu au Mombasa hahitaji kuelezwa mara mbili.

Basi hufika kwenye kambi ya mahema upande wa Arad, katika ukingo wa Jangwa la Yudea. Mnakula chini, mnakunywa kahawa, mnaota moto na kulala kwenye magodoro membamba, kundi zima chini ya hema moja. Saa tisa au saa kumi usiku mnaamshwa. Mnapanda Masada gizani, mnaona jua likitokea ng'ambo ya bahari juu ya milima ya Yordani, mnazunguka magofu, kisha mnashuka kabla joto halijakolea. Baadaye ni Ein Gedi, halafu Bahari ya Chumvi. Yapo makundi yanayoanza na bahari na kumalizia na hema, lakini mlima daima ni wa alfajiri.

Ni lazima niwe Myahudi?

Kwa safari zinazolipiwa na wafadhili, ndiyo. Kubwa kuliko zote ni Taglit, jina la Kiebrania lenye maana ya ugunduzi. Ilianza mwishoni mwa 1999 kwa juhudi za matajiri wawili, Charles Bronfman na Michael Steinhardt, na imeshapeleka vijana zaidi ya 800,000. Inapokea vijana wa miaka 18 hadi 26 wenye angalau mzazi mmoja Myahudi, au walioingia Uyahudi kwa njia inayotambuliwa na moja ya madhehebu yake makubwa.

Mtu asiye Myahudi anaweza kupita njia hiyohiyo, hatua kwa hatua, kwa nauli yake mwenyewe. Masada na Ein Gedi ni hifadhi za taifa na kiingilio ni cha kila mtu.

Sisi wa Afrika Mashariki na Kati tunaingiaje hapa?

Kwa milango kadhaa. Nairobi ina jumuiya ya Wayahudi tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kasuku, huko Nyandarua, kuna jumuiya ndogo ya Wakenya wanaoshika Torati. Lubumbashi kulikuwa na Wayahudi wengi waliotoka kisiwa cha Rhodes, na wajukuu wao waliotawanyika hadi Brussels na Cape Town bado wana bibi wanaoongea Kiswahili cha Katanga jikoni. Karibu na Mbale wako Abayudaya, Wayahudi wa Uganda, ambao nimewawekea swali lao mwishoni.

Nitalipa nini?

Katika Taglit, ndege kutoka mahali kundi linapoondokea, malazi, basi, kiongozi na milo mingi vimeshalipiwa. Unaweka amana ambayo hurudishwa ukimaliza safari bila kuvunja masharti. Beba pesa ya baadhi ya milo ya mchana, vitu vidogo, na bakshishi ya kiongozi na dereva. Bakshishi husahaulika sana, na dereva huamka mapema kuliko ninyi.

Viza?

Uliza ubalozi mapema. Ubalozi wa Israel ulioko Nairobi unahudumia pia Uganda na Tanzania.

## Usiku wa hema

Hemani kunafanyika nini hasa?

Mwenyeji hukaanga buni kwenye moto mbele yenu, kisha huzitwanga kwenye kinu kwa mapigo ya ngoma. Zamani mlio huo uliwaambia majirani wa jangwani kwamba kuna mgeni, njooni. Kahawa huja chungu, yenye iliki, kwenye vikombe vidogo visivyo na mkono. Aliyezoea kahawa ya barazani atajiona yuko nyumbani. Vijana wengine wa kundi, hasa wa kutoka Marekani, huwa wanatafuta maziwa.

Utasimuliwa habari ya vikombe vitatu: cha kwanza ni cha mgeni, cha pili cha starehe, cha tatu cha upanga, yaani mnywaji sasa yuko chini ya ulinzi wa mwenyeji. Kwa Kiarabu upanga ni *sayf*, kwa hiyo kila Seif wa Tanga ana kikombe chake hapo. Ukitosheka, tikisa kikombe kidogo unapokirudisha. Usipotikisa utaendelea kujaziwa, na saa tisa haiko mbali.

Je, haya ni maisha ya kweli au maigizo ya watalii?

Ni yote mawili. Kambi zinazopokea makundi makubwa ni biashara, ngamia wana zamu, na hadithi ya kahawa imesimuliwa mara elfu. Ukarimu wenyewe haukutungwa kwa ajili ya mtalii, lakini anayekuhudumia kuna uwezekano mkubwa analala kwenye nyumba ya matofali na ana kijana wake chuo kikuu.

Kinachokosekana mara nyingi hemani ni mambo ya leo. Mabedui wa jangwa la Negev ni takriban 300,000, raia wa Israel, Waislamu. Wengi wanaishi katika miji iliyojengwa na serikali, mkubwa ukiwa Rahat. Wengine wako katika makumi ya vijiji visivyotambuliwa kisheria, ambako nyumba hujengwa bila kibali kwa kuwa kibali hakipatikani, umeme wa gridi haufiki, na tingatinga linaweza kuja kubomoa. Mgogoro wa ardhi huo ni wa tangu kuundwa kwa dola. Mfugaji wa Loliondo au Samburu angeelewa kila neno.

Kwa hiyo uliza. Ukiuliza kwa heshima, wenyeji wengi huzungumza, na jibu huwa refu kuliko onyesho la kahawa.

Adabu gani nizishike?

Vua viatu kabla ya kukanyaga zulia. Pokea kikombe kwa mkono wa kulia. Usimwelekezee mtu nyayo. Usipige picha za wanawake bila ruhusa. Ni yaleyale uliyofundwa na bibi.

Jangwani usiku ni baridi?

Desemba hadi Februari, ndiyo, na magodoro hayo hayakusaidii sana. Leta soksi nzito na koti. Kiangazi shuka tu inatosha.

## Kupanda Masada

Mlima ni mgumu kiasi gani?

Njia ya mashariki inaitwa Njia ya Nyoka kwa jinsi inavyojikunja. Ni kama kilomita 2, na unapanda takriban mita 300, sehemu kubwa kwa ngazi za mawe zisizolingana. Mwenye afya ya kawaida hutumia dakika 45 hadi saa moja. Aliyepanda Longonot mpaka kileleni hatababaika. Aliyezoea lifti atasimama mara nne na kujifanya anapiga picha.

Jambo la ajabu: mguu wa mlima uko chini ya usawa wa bahari. Unapanda karibu saa nzima, unafika juu umelowa jasho, na umevuka usawa wa bahari ya Mombasa kwa makumi machache ya mita tu.

Kwa nini tusiende mchana kama watu wengine?

Kwa sababu ya joto. Kiangazi njia hii hugeuka tanuri mapema asubuhi, na siku za joto kali walinzi wa hifadhi huifunga kabisa. Jua huchomoza kama saa kumi na moja na nusu katikati ya mwaka, na kama saa kumi na mbili na nusu wakati wa baridi, kwa hiyo saa ya kuamshwa hubadilika. Lango la njia hufunguliwa kama saa moja kabla ya jua. Kumbuka pia kwamba kiangazi saa ya Israel ni sawa na ya Nairobi, na wakati wa baridi iko nyuma kwa saa moja.

Magoti yangu mabovu, au ninaogopa. Nibaki kwenye basi?

Usibaki. Kuna kigari kinachopanda kwa waya kutoka upande wa mashariki, ila huanza asubuhi wakati jua limeshatoka. Upande wa magharibi, kutoka Arad, kuna njia fupi inayofuata tuta walilolijenga Warumi wenyewe, dakika 15 hadi 20 tu, na mapambazuko yanawahika. Shida ni kwamba hakuna barabara inayounganisha pande hizo mbili moja kwa moja, hivyo basi linapaswa kuzunguka kwa Arad. Mweleze kiongozi siku mbili kabla, si saa tisa ya usiku. Mwenye pumu abebe dawa mfukoni mwake, asiiache kwenye sanduku ndani ya basi.

Maji kiasi gani?

Lita 3 kwa mtu, na si mzaha. Kiongozi atawakagua chupa kama mwalimu wa zamu. Juu kuna mabomba ya maji ya kunywa, lakini kufika huko lazima uwe umekunywa njiani. Kunywa kidogo kidogo kabla kiu haijaja. Kichwa kikianza kugonga umeshachelewa. Soda na kahawa hazihesabiwi. Mwenye kutapika au kuacha kutoa jasho akae kivulini na aitwe mlinzi wa kundi mara moja (tazama sehemu ya usalama).

Nivae nini?

Raba zenye soli iliyoshika, kofia, na tochi ndogo ya kichwani kama unayo. Ndala ziweke begini kwa ajili ya baharini. Suruali ndefu nyepesi inafaa zaidi kuliko kaptura, ingawa hakuna atakayekukemea. Bega lifunikwe kama kundi lina sala juu.

Juu kuna nini cha kuona?

Mfalme Herode alijenga hapa ngome na majumba kati ya 37 na 31 K.K., kwa hofu ya watu wake mwenyewe na ya Cleopatra wa Misri. Jumba la kaskazini linashuka kwa ngazi tatu kwenye ukingo wa jabali kama kiota cha mbayuwayu. Kuna bafu la mvuke lenye sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi ili moto upite chini. Kuna visima vikubwa vya kuchongwa mwambani, ambavyo kwangu ndivyo maajabu makubwa kuliko jumba: mvua hapa hunyesha siku chache kwa mwaka, nao walikinga mafuriko ya mabonde kwa mifereji wakajaza maji ya kutosha kuogelea. Kuna pia sinagogi, moja ya za kale zaidi zilizopatikana, na ndani ya chumba chake cha pembeni hukaa mwandishi anayenakili Torati kwa mkono.

Ukitazama chini utaona miraba ya mawe juu ya mchanga. Hizo ni kambi 8 za jeshi la Kirumi na ukuta wa mzingiro. Zimebaki hivyo kwa karibu miaka 2,000 kwa sababu hakuna aliyekuwa na haja ya kulima hapo.

Wachimbaji wa mwanaakiolojia Yigael Yadin, waliofanya kazi hapa kati ya 1963 na 1965, walipata kokwa za tende. Moja ilipandwa mwaka 2005 kwenye kibutsi (kijiji cha ushirika) cha Ketura, ikaota. Mtende huo waliuita Methusela. Ulikuwa dume, kwa hiyo tende zilisubiri hadi alipopatikana mwenzi kutoka kokwa nyingine ya kale, na mavuno yakaja 2020.

Ni kweli watu wote walijiua hapa?

Hili ndilo swali linalogawa makundi, na halistahili jibu la sentensi moja.

Hadithi iko hivi. Wayahudi waliasi Roma mwaka 66 B.K. Yerusalemu ilianguka mwaka 70 na hekalu likachomwa. Kundi la waasi waliojulikana kama Sikari, wakiongozwa na Eleazar ben Yair, walibaki Masada na familia zao. Mwaka 73 au 74 kamanda wa Kirumi Flavius Silva alikuja na Jeshi la Kumi, akajenga tuta, akavunja ukuta. Usiku huo wanaume waliwaua wake na watoto wao, kisha wakapigiana kura nani awaue wengine, mpaka akabaki mmoja. Walikufa 960. Wakapona wanawake wawili na watoto watano waliojificha.

Haya yote tunayo kutoka kwa mwandishi mmoja, Flavius Josephus, naye ana historia yake. Alikuwa kamanda wa waasi huko Galilaya. Mji wa Yodfat ulipozingirwa alijificha pangoni na wenzake, wakaamua kufa kwa kupigiana kura, na yeye akawa miongoni mwa wawili waliobaki. Akajisalimisha kwa Warumi na kuishi Roma kwa hisani yao. Kwa hiyo mtu aliyekwepa kura ya namna hiyo ndiye anayetusimulia kura ya Masada. Usidharau simulizi yake, ila jua ni nani anayesimulia.

Ardhi yenyewe inasema nusunusu. Tuta lipo, kambi zipo, alama za moto zipo. Vilipatikana vigae 11 vyenye majina, kimoja kimeandikwa "ben Yair", na Yadin aliamini ndiyo kura zenyewe, wengine hawakubali. Miili mamia haikupatikana, ni mifupa michache tu, na baadhi yake ilizikwa kwa heshima za kijeshi mwaka 1969 huku wataalamu wakibishana ni ya nani. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv uliochapishwa 2024 unaona mzingiro ulichukua wiki chache, si miaka kama ilivyozoeleka kusimuliwa.

Kuna pia hadithi ya pili, ya jinsi taifa jipya lilivyoichukua ya kwanza. Askari wa vifaru waliapishwa hapa kwa maneno kwamba Masada haitaanguka tena. Lakini marabi wa kale waliiacha kabisa Masada katika maandishi yao; hata Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho yao, haitaji jina lake. Wao walimkumbuka rabi Yohanan ben Zakkai, aliyetoka Yerusalemu iliyozingirwa akaomba aruhusiwe kufundisha katika mji wa Yavne. Waulize wenzako juu ya mlima: nani alilinda Uyahudi, Eleazar au Yohanan? Nimeona kundi likishuka bado linabishana, likasahau miguu inayouma.

Kwa nini wanapiga kelele ukingoni?

Upande wa kusini kuna bonde linalorudisha mwangwi vizuri. Makundi hupiga kelele neno la Kiebrania, na bonde hujibu. Wengine hutumia mahali hapo kwa dakika tano za kunyamaza. Mimi niko na wa pili.

## Ein Gedi na Bahari ya Chumvi

Baada ya Masada, Ein Gedi si kuongeza uchovu?

Ni kama kilomita 18 kaskazini, na kuna maji. Njia ya bonde la Daudi ni nyepesi, yenye madimbwi ya kuoga na maporomoko mwishoni. Hapa, kwa mujibu wa Samweli wa Kwanza, ndipo Daudi alipojificha kwa Sauli. Wimbo Ulio Bora unataja hina ya Ein Gedi, hinahina hii ya mikononi mwa maharusi wa pwani.

Utawaona mbuzi mwitu wenye pembe zilizopinda, na utawaona pimbi wakiota jua juu ya mawe. Zaburi ya 104 inawataja wanyama hawa wawili pamoja, na Biblia ya Kiswahili inamwita pimbi *wibari*. Waliotoka Nairobi hushangaa wenzao wa Ulaya wanavyompiga picha pimbi. Kuna hata ndugu wa mkunazi. Si bahati tu: ufa uliochimba bonde la Bahari ya Chumvi ni wa ukoo mmoja na ule wa Naivasha na Manyara, na mimea na wanyama wamekuwa wakipita humo tangu zamani.

Ukipata nusu saa, omba mpitie sinagogi ya kale iliyo karibu. Maandishi ya sakafuni yanamlaani atakayefichua siri ya mji, na wengi hudhani ni siri ya kutengeneza manukato ya balsamu. Hati ya Torati iliyoungua ikawa kaa, iliyopatikana hapo 1970, ilisomwa 2015 kwa picha za eksirei na kompyuta bila kufunguliwa. Ilikuwa mwanzo wa Mambo ya Walawi. Siri ya manukato haikuwamo.

Naweza kula ndani ya hifadhi?

Hapana. Wala usiwalishe pimbi, hata wakikutazama kwa huruma.

Sijui kuogelea. Bahari ya Chumvi itaniua?

Haikuzamishi, kwani chumvi yake ni kama asilimia 34, karibu mara kumi ya Bahari ya Hindi. Hatari yake ni kugeuka kifudifudi na kumeza maji, au kuyaingiza machoni. Ingia kinyumenyume, kaa kama unakaa kwenye kiti, miguu itainuka yenyewe. Ukitaka kusimama, vuta magoti kifuani kwanza. Usipige mbizi, usirushe maji, usikae zaidi ya dakika 15 au 20. Bomba la maji matamu liko ufukweni. Jua liliko kabla hujaingia.

Nimesikia nisinyoe kabla. Kweli?

Kweli tupu, kwa wavulana na wasichana, popote mwilini, siku mbili kabla. Kila mchubuko utajulikana. Vua pia mapambo ya fedha, hugeuka meusi. Nguo ya kuogelea iwe kuukuu.

Kwa nini hatuogi palepale Ein Gedi?

Kwa sababu ufuko wake ulifungwa. Bahari hii inashuka kama mita 1 kila mwaka, kwa kuwa maji ya Mto Yordani huchukuliwa kabla hayajafika na viwanda vya madini huvukiza mengine. Maji ya chumvi yakirudi nyuma, maji matamu ya chini huyeyusha tabaka za chumvi na ardhi hufumuka mashimo ghafla. Makundi mengi huoga Ein Bokek. Ukiona ubao wa kukataza kupita, usiudharau.

## Chakula na ibada

Chakula ni cha namna gani?

Cha kosha: nyama na maziwa haviliwi pamoja, na hakuna nguruwe wala kamba. Kwa asiyekula nyama ni nchi rahisi, kwa maana ya mikate, dengu, falafeli, saladi na ufuta uliosagwa. Hemani huletwa wali, kuku na mkate mwembamba uliookwa juu ya bati la moto. Kitafunwa cha alfajiri ni biskuti tu, basi ficha ndizi mbili begini.

Siku hii inaweza kuangukia Sabato?

Haiwezi, kwa kuwa basi haliendi kuanzia Ijumaa jua linapozama hadi Jumamosi jioni. Ikiwa Ijumaa, ratiba hukatwa ili mfike malazini mapema. Kiangazi kuna pia Tisha B'Av, siku ya kufunga kuomboleza hekalu. Hakuna kiongozi mwenye akili atakayewapandisha Masada bila maji.

Sijawahi kufanya bar mitzvah, sherehe ya Kiyahudi ya kuingia utu uzima. Naweza kuifanya juu?

Ndiyo, na wengi hufanya, wavulana kwa wasichana. Waambie viongozi mapema.

## Usalama na siasa

Mwenye bunduki kwenye basi ni nani?

Ni mlinzi wa kundi, aliyesomea pia huduma ya kwanza. Ndiye wa kumwendea kwa kizunguzungu, malengelenge au nge. Vijana wa Kiisraeli wa rika lenu, wengine askari walio kazini, nao hujiunga nanyi kwa siku kadhaa. Hao ni wageni wenzenu, si walinzi.

Mvua jangwani ni habari njema?

Kwa mkulima. Kwa mtembezi ni hatari kuliko joto. Mvua hunyesha milimani mbali, na bonde kavu mlilomo hujaa kwa dakika chache. Aprili 26, 2018, vijana 10 walikufa katika bonde la Tzafit, kusini mwa Bahari ya Chumvi, wakiwa kwenye matembezi ya kundi huku tahadhari ya hali ya hewa ikiwa imetolewa. Kiongozi akifuta Ein Gedi kwa sababu ya wingu, usimnung'unikie. Mzazi, hili ndilo swali la kuuliza kabla ya kusaini: nani ana mamlaka ya kufuta, na amewahi kufuta?

Vita ikizuka?

Imewahi. Safari zilisimama Oktoba 2023 na kurejea mwanzoni mwa 2024. Juni 2025, vita na Iran ilipofunga anga, maelfu ya vijana wa Taglit walikwama, na wengine wakaondolewa kwa meli hadi Cyprus. Soma tahadhari ya nchi yako, hakiki bima, na usimdanganye mama.

Njia inapita Ukingo wa Magharibi?

Masada na Ein Gedi ziko ndani ya mpaka wa 1949. Lakini ukitoka Yerusalemu kushuka baharini kwa barabara namba 1 na kisha namba 90, sehemu ya njia iko Ukingo wa Magharibi, ukiwemo mwambao wa Qumran. Kutokea Arad haupiti huko.

Si safari ya propaganda hii?

Ina lengo, na haifichi: kuwafunga vijana na Israel na Uyahudi wao. Mwaka 2018 washiriki kadhaa walitoka katikati ya safari wakilalamika kwamba maisha ya Wapalestina hayatajwi. Wengine husema walipata nafasi ya kuuliza kila kitu. Sana inategemea kiongozi mliyempata. Mwenye masikio husikia hata kinachorukwa, na siku hii ina mahali pawili pa kufanyia mazoezi: hemani na juu ya mlima.

## Mambo ya pembeni

Mimi ni Muyudaya wa Mbale. Nitapokelewa?

Jumuiya yenu ilianza 1919 na Semei Kakungulu, ikavumilia marufuku ya Idi Amin, na 2018 kundi la kwanza la vijana wake lilifanya safari ya Taglit. Kwa hiyo mlango upo. Lakini usichanganye mambo mawili: kupokelewa safarini ni kimoja, kutambuliwa na Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel kwa ajili ya kuhamia ni kingine, na hilo la pili limepingwa mpaka mahakamani. Beba barua ya rabi na hati za kuingia Uyahudi kwa wazazi, na uwe na namba ya mratibu wakati wa kuhojiwa uwanja wa ndege.

Sijui Kiebrania.

Safari huendeshwa kwa lugha ya kundi, mara nyingi Kiingereza. Ila ukisikia *shesh*, *sheva*, *tesha*, utahisi sita, saba, tisa. Zetu zilikuja na Kiarabu, binamu wa Kiebrania. Maji ni *mayim*. Hilo moja linatosha kwa siku hii.

Naweza kurusha droni juu ya Masada?

Hapana, ni hifadhi.

Naweza kurudi na jiwe la ukumbusho?

Jiwe la hifadhini, kigae au sarafu, hapana. Sheria ya mambo ya kale ya 1978 inavifanya vitu vya kale kuwa mali ya dola, na uwanja wa ndege wanajua kutafuta. Matope ya bahari yanauzwa dukani, yamefungwa vizuri. Chumvi utakayoikuta kwenye ndala ukifungua begi nyumbani haihesabiwi.